Mshahara wa Zimamoto, Hesabu ya Mkewe

Ukitaka kujua kama mshahara wa askari wa zimamoto unatosha, usimwulize askari mwenyewe. Atakusimulia gari jipya lililoletwa kituoni, mtoto waliyemtoa kisimani, kamanda fulani aliyejua kuongoza watu, na utaondoka ukiamini kwamba hana shida. Mwulize anayenunua unga. Mimi nimeununua katika nyumba ya mzimamoto tangu nikiwa mwalimu kijana wa Daraja la III A hadi nilipostaafu, kwanza Bunda, kisha wilayani Butiama, kisha Musoma mjini. Ninayoandika nimeyaona kutoka upande wa jiko na wa daftari la matumizi. Upande wa moto ni wake, nami nitaueleza kama alivyonisimulia.

Tulipooana, zimamoto ilikuwa bado chini ya halmashauri. Mzimamoto alikuwa mtumishi wa mji, sawa na karani wa soko au bwana afya. Mji wenye uwezo ulikuwa na gari. Usio na uwezo ulitegemea ndoo, mchanga na majirani. Sheria Namba 14 ya mwaka 2007 ndiyo iliyoleta Jeshi la Zimamoto na Uokoaji tunalolijua leo, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, nyumba moja na Polisi, Magereza na Uhamiaji. Baba watoto akatoka kwenye utumishi wa mji akawa askari, mwenye cheo, mwenye kupiga saluti na kupigiwa.

Sikumbuki mshahara wake wa kwanza wa uaskari ulikuwa shilingi ngapi. Ninachokumbuka ni sare. Hakuniachia kuipiga pasi. Aliwasha mkaa mwenyewe, akaipiga usiku, akaitundika mlangoni, akaitazama. Watu wa mtaa waliokuwa wakimwita "yule wa gari la maji" walianza kumwita afande, na mgongo wake ukanyooka. Mimi mwalimu nilielewa, kwa sababu nami niliwahi kupita sokoni nikasikia mzazi akimwambia mwanawe, "Msalimie Mwalimu," nikasahau kwa muda kwamba ni tarehe ishirini na mfukoni hamna kitu. Heshima ni sehemu ya malipo. Mtu asiyewahi kuheshimiwa kwa kazi yake hajui ina nguvu kiasi gani.

Lakini heshima ile ilikuja na gharama zake. Kadi za michango ya harusi zikaongezeka, na kila kamati iliamini kwamba afande hawezi kutoa sawa na mwalimu. Ndugu zake wa Majita wakaanza kuleta watoto wa kusoma mjini, na hatukumrudisha hata mmoja, kwa sababu kwetu mtoto wa ndugu harudishwi. Msiba ukitokea, jina letu lilisomwa kwenye daftari la rambirambi miongoni mwa wenye vyeo. Mshahara haukupanda kwa kasi ya michango. Ndipo nilipoanza kutenga kurasa mbili katika daftari langu: ukurasa wa mshahara wangu na ukurasa wa mshahara wake, nione kila mmoja unaishia wapi.

Baadaye, nikijiendeleza kwa masomo ya masafa, tulifundishwa habari za Frederick Herzberg, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye mwaka 1959, yeye na wenzake, walichapisha utafiti ambamo waliwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh. Hoja yake ni rahisi kuieleza. Mambo yanayomchukiza mtu kazini na mambo yanayomfurahisha si pande mbili za kitu kimoja. Mshahara mdogo, bosi mkali na mazingira mabovu humchukiza mtu. Lakini ukiviondoa vyote hivyo hujamfurahisha bado, umeondoa kero tu. Kinachomfurahisha ni kazi yenyewe, kuona imefanikiwa, kutambuliwa, kuaminiwa kubeba jukumu. Nilisoma kurasa hizo usiku, baba watoto akiwa zamu kituoni, nikasema moyoni: huyu ni yeye kabisa. Ila kuna jambo moja katika utafiti ule ambalo limenikaa kichwani miaka yote. Herzberg aliwahoji wafanyakazi. Hakuwahoji wake zao.

Nitaeleza kwa nini nasema hivyo.

Upande wa Buhemba, wilayani Butiama, ardhi imechimbwa tangu enzi za wakoloni. Kuna dhahabu, kuna wachimbaji wadogo, na kuna mashimo ambayo aliyeyachimba alishaondoka akayaacha wazi. Siku moja mtoto wa kiume alitumbukia katika shimo la namna hiyo karibu na nyumba yao. Waliotoka Musoma kwenda kumwokoa walisafiri zaidi ya kilomita 40, na walipofika walikuta wanaume wa kijiji wamemkamata mjomba wa mtoto kwa nguvu, kwa sababu alikuwa anataka kuruka ndani. Baba watoto aliniambia kwamba hao wanaume waliomshika mjomba ndio waliookoa maisha ya kwanza siku ile. Shimo refu lililokaa bila kutumika linaweza kukosa hewa safi. Anayeingia bila kamba na bila mtungi wa hewa hulegea kabla hajafika chini, na anayemfuata naye hulegea. Katika nchi hii familia zimezika ndugu wawili na watatu kwa shimo moja kwa njia hiyo.

Walimfunga kamba mwenzao aliyekuwa mwembamba kuliko wote, wakamvika mtungi, wakamteremsha. Mtoto alikuwa amekwama kwenye kingo, hakufika chini kabisa, na huenda ndiyo sababu alikuwa bado anapumua. Alipotolewa akalia, na kilio kile, baba watoto alisema, kilifanya wanaume wazima wakae chini. Bibi wa mtoto akavua khanga ya begani akaitandika ardhini, akawataka wale askari waikanyage mmoja mmoja. Walivua buti kwanza. Hakuna aliyethubutu kukanyaga khanga ya yule mama kwa buti za matope.

Alirudi nyumbani usiku. Alinisimulia, akawaamsha watoto akawasimulia, akarudia tena kwangu kana kwamba sikusikia. Kisha akasema, "Mwalimu, leo nimelipwa."

Nilimwamini, na ninamwamini mpaka leo. Sijawahi kupata siku ya namna hiyo katika ualimu, ingawa nimefundisha watoto ambao sasa ni madaktari. Mwalimu hungoja miaka ishirini aone matunda. Mzimamoto anaweza kuyaona kabla jua halijazama. Basi nilifurahi naye kwa moyo wote. Ila asubuhi yake kulikuwa na unga wa siku moja, mshahara ulikuwa bado zaidi ya wiki, na binti yetu alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka shule kwa sababu ya mchango. Ile khanga ya Buhemba ilikuwa yake. Kilichobaki mfukoni kilikuwa chetu wote.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu yote. Kuridhika na kazi ni kwa mtu mmoja. Mshahara huliwa na watu wengi. Mzimamoto anaweza kulipwa nusu kwa fedha na nusu kwa fahari ya kazi, na akaona hesabu imekamilika. Lakini ile nusu ya fahari hawezi kuigawa mezani. Kwa hiyo kila ninaposikia kiongozi akisema kwamba hawa vijana wana moyo, wanaipenda kazi yao, hawafanyi kwa ajili ya fedha, namwelewa, na asemayo ni kweli, ila ninajua kwamba ametaja nusu ya familia tu.

Wapo watakaonijibu kwamba huko Marekani kiasi cha theluthi mbili za wazimamoto wote ni watu wa kujitolea wasioajiriwa kwa kazi hiyo. Ni kweli, na jambo hilo linaonyesha jinsi kazi hii inavyovuta moyo wa mwanadamu, kwamba mtu huamka usingizini akaingia katika moshi bila kungoja mshahara. Lakini huyo wa kujitolea ana kazi nyingine. Ni fundi, ni mkulima, ni mwenye duka, na kazi hiyo nyingine ndiyo inayolisha nyumba yake. Wa kwetu hana nyingine. Akiwa nayo, ataifanya saa ambazo angepaswa kulala ili zamu ijayo awe na nguvu.

Sasa niseme kuhusu siku aliyotaka kuacha kazi, maana haikuwa siku ya mshahara kuchelewa.

Ilitokea katika mji mmoja wa mkoa mwingine alikokuwa amehamishiwa kwa muda. Mji huo sitautaja, na nia yangu si kuwashitaki watu wake. Soko liliungua usiku. Gari lilifika, likamwaga maji, maji yakaisha, gari likaondoka kwenda kutafuta mengine. Liliporudi lilipokewa kwa mawe. Jiwe moja lilimpata begani. Mwenye jiwe alikuwa amepoteza mtaji wa maisha yake, na alipiga kelele maneno ambayo kila mzimamoto wa Tanzania ameyasikia: wamekuja bila maji.

Fuata hesabu hii pamoja nami, kwa sababu nimewafundisha wanafunzi wangu na hawakuisahau. Gari likibeba lita 5,000, na mpira ukatoa lita 500 kwa dakika, maji yale yanakwisha kwa dakika 10. Ukifungua mipira miwili, ni dakika 5. Soko la mbao na mabati lenye magodoro, mafuta ya kula na nguo za mitumba halizimwi kwa dakika 5. Ndiyo maana mji huhitaji visima vya zimamoto vilivyounganishwa na bomba la maji, gari lifike, lichomeke mpira, lisiondoke. Musoma tumebahatika kuzungukwa na ziwa. Gari likishuka Mwigobero linaweza kuvuta maji kwa pampu. Ukipanda Butiama, ziwa uliliacha nyuma. Mradi mkubwa wa maji wa Mugango–Kiabakari–Butiama umetoa maji ziwani ukayapeleka kwenye vijiji vya juu, na mimi niliposikia habari zake, swali langu la kwanza halikuwa la ndoo. Niliuliza ni mahali gani gari la zimamoto litachomeka mpira.

Basi baba watoto alirudi na bega limevimba, akaniambia ameshaandika barua kichwani. Alisema kufa kwa moto anaweza kukubali, ila hawezi kukubali kupigwa na mtu aliyekwenda kumwokoa, kwa kosa la maji ambayo si yeye aliyepaswa kuyaweka pale. Katika miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kuniambia anaacha kazi kwa sababu ya mshahara. Mimi ndiye niliyewahi kumwomba aache kwa sababu hiyo. Yeye alivunjwa moyo na kazi kushindikana. Mimi nilivunjwa moyo na daftari. Wanaopanga mafao ya hawa askari wakijua tofauti hiyo, watajua kwamba kuna madeni mawili na kwamba kulipa moja hakufuti la pili. Gari, mavazi, visima na mafunzo ni deni kwa askari. Mshahara, nyumba na matibabu ni deni kwa nyumba yake.

Barua hiyo haikuandikwa. Mkuu wake wa zamu alikuja nyumbani, akakaa, akanywa chai, hakutoa hotuba yoyote. Alimsikiliza. Kabla ya kuondoka alimwambia, "Afande, kesho tuna mazoezi ya kamba, vijana wapya hawajui kufunga fundo lako." Akaenda. Gharama ya ziara ile ilikuwa kikombe cha chai.

Bunda ni habari nyingine. Bunda ni mji wa pamba, na moto wa pamba una tabia yake. Moto wa nyumba ya nyasi unauona. Unawaka, unakula, unakwisha. Robota la pamba linaungua kwa ndani. Nje unaliona limezimika na limelowa, kumbe katikati kuna kaa linalotambaa polepole, na usiku, upepo wa ziwani ukivuma, linawaka upya. Njia ni moja: kulipasua robota moja baada ya jingine, kulitawanya, kulimwagia maji, kuligeuza. Ghala la tajiri mmoja liliposhika moto, walifanya kazi hiyo kwa siku kadhaa, wakipumua moshi na vumbi la pamba kupitia vitambaa vilivyoloweshwa. Alirudi macho mekundu, anakohoa, na makohozi yake yalikuwa meusi kwa muda mrefu baadaye.

Nguo zake nilizifua mimi. Nilizifua kwa mikono, kwenye karai lilelile la nguo za watoto, na mdogo wetu akiwa mgongoni. Hakuna aliyekuwa ametuambia lolote, na siamini kwamba wakati huo kulikuwa na mtu karibu nasi aliyejua. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani na lenye makao Lyon, Ufaransa, liliiweka kazi ya zimamoto katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi lilelile la uvutaji wa tumbaku na asbestosi. Walikuta ushahidi wa kutosha kuhusu saratani ya kibofu cha mkojo na ile ya utando unaozunguka mapafu. Sumu haiingii kwa pumzi peke yake. Inakaa kwenye ngozi na kwenye nguo. Niliposoma habari hiyo nilikaa muda mrefu nikiliwaza karai.

Kwa hiyo ninaposema mshahara, sisemi noti peke yake. Mashine ya kufulia kituoni, ili masizi ya kazini yasifuliwe nyumbani, ni mshahara. Kupimwa afya kila mwaka, na kuendelea kupimwa baada ya kustaafu, kwa kuwa saratani haifuati tarehe ya barua ya kustaafu, ni mshahara. Mambo haya hayahitaji nchi tajiri sana. Yanahitaji mtu mmoja mwenye mamlaka aamue kwamba mwili wa mzimamoto ni mali ya umma inayochakaa kwa matumizi ya umma.

Mwaka 2012 nyumba yetu ilipitia jambo ambalo nalikumbuka kwa namna ya pekee. Mwisho wa Julai, Chama cha Walimu Tanzania kilitangaza mgomo wa nchi nzima. Madai yalikuwa mengi, la kwanza nyongeza ya asilimia 100 ya mshahara. Siku chache baadaye Mahakama Kuu, kitengo cha kazi, iliuona mgomo si halali na ikaamuru turudi madarasani. Katika siku zile mimi nilikuwa nimekaa nyumbani, na mume wangu alikuwa anafunga kamba za buti kwenda zamu. Watoto walituuliza kwa nini mama anagoma na baba hagomi. Tuliwajibu kwamba baba ni askari. Jibu lile lilikuwa sahihi na liliwatosha, mimi halikunitosha. Mwalimu akionewa ana chama, ana mwenyekiti, ana mahakama ya kumwambia amekosea. Mtu wa jeshi ana amri na ana uvumilivu wake. Kama sheria za nidhamu zinamzuia kudai, na ninakubali kwamba lazima zimzuie, maana moto haungoji mazungumzo, basi anayemwongoza ana wajibu mzito zaidi wa kudai kwa niaba yake.

Nchi hii iliwahi kufundishwa somo hilo kwa njia ngumu. Januari 20, 1964, askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, na mshahara ulikuwa miongoni mwa madai yao makuu, pamoja na kutaka maofisa wa Kiingereza waondoke. Uasi ule uliitikisa serikali changa. Mzimamoto hana bunduki, na hatamtisha mtu yeyote. Ndiyo maana ukimya wake ni rahisi kudhaniwa kuwa ni kuridhika.

Nikiwa nafundisha wilayani Butiama, nilikuwa nikiwapeleka wanafunzi Mwitongo, penye nyumba na kaburi la Mwalimu Nyerere. Huko huwezi kukwepa habari ya mishahara. Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, yakiwemo ya kukatwa sehemu ya mshahara, Mwalimu aliwajibu kwa hasira, na papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Azimio la Arusha lilifuata miezi michache baadaye. Habari hiyo nimewahi kuisikia ikitumiwa kuwanyamazisha watumishi wadogo, waambiwe wajifunze kujinyima. Mimi naisoma kwa mpangilio wake. Mwalimu alianza na mshahara wa Rais. Hakuanza na wa mzimamoto wala wa mwalimu wa shule ya msingi. Mtu anayetaka kumhubiria konstebo uzalendo wa kujinyima, afuate mpangilio huo.

Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air iliyokuwa na watu 43 ilianguka ziwani ikikaribia kutua Bukoba, wakafa 19. Wavuvi ndio waliofika kwanza kwa mitumbwi yao, na kijana mmoja wao, Majaliwa Jackson, alisifiwa nchi nzima kwa kusaidia kufungua mlango abiria watoke. Alipewa shilingi milioni moja, na Rais akaagiza aajiriwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Huku Musoma vijana wa mwaloni walizungumza habari hiyo kwa wiki nzima. Walichokitamani zaidi, niliwasikia, kilikuwa ile ajira. Ajira ya serikali, mshahara wa kila mwezi, bima, pensheni. Nami nilifurahi kwa ajili yake, kwa sababu aliyeingia majini kuokoa watu asiowajua tayari ana moyo wa kazi hiyo. Ila niliwaza pia kuhusu maelfu wanaoomba nafasi za zimamoto kila zinapotangazwa. Wingi wa waombaji unaonyesha uchache wa kazi. Hauonyeshi kwamba aliyeko ndani anatosheka.

Mei Mosi ya 2025, huko Singida, Rais alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kitapanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai mwaka huo. Mara ya mwisho kabla ya hapo ilikuwa 2022, kilipopanda kwa asilimia 23.3. Mimi na baba watoto tumeshastaafu, lakini tulisikiliza redio kana kwamba bado tumo. Ni hatua kubwa na inastahili kushukuriwa bila kinyongo. Nilishika kalamu papo hapo, kwa mazoea, nikaanza kugawa hiyo 500,000: kodi, unga, mkaa, mboga, nauli, shule, wazazi, michango. Ilifika mwisho wa mwezi. Haikufika na matibabu.

Baada ya tangazo lile alikuja kwangu mke wa konstebo mmoja kijana, jirani yetu, kuniomba ushauri. Alikuwa anafikiria kuchukua mkopo wa wale watu wanaoitwa kausha damu. Alinisalimia shikamoo, akakaa, akasema mumewe anaipenda kazi sana, anarudi amechoka na anacheka, na yeye anaona aibu kumwambia kwamba hawamalizi mwezi. Nilimwelewa kabla hajamaliza kusema. Tuliandika matumizi yao yote kwenye karatasi. Walikuwa wamepanga mbali, kwa sababu vyumba vya huko ni rahisi, na fedha waliyookoa kwenye kodi ilikuwa inaliwa na bodaboda, maana mumewe akiitwa usiku hakuna daladala. Ukijumlisha kodi na bodaboda, walikuwa wanatumia zaidi ya kodi ya chumba cha karibu na kituo.

Walihama mwezi uliofuata, na mkopo ule hakuuchukua. Sasa akiitwa usiku anafika kituoni kwa miguu, gari likiwa bado linapashwa injini. Mji wote unafaidika na dakika hizo. Tofauti ya kodi wanailipa wao wawili, kutoka kwenye mshahara uleule.